Mpangaji Ndani ya Kompyuta Yangu

4 Machi

Mvua imeanza asubuhi, na kufikia alasiri binti yangu, kitinda mimba, amefika na magodoro, masufuria na mumewe. Nyumba wanayopanga kule bondeni imeingiwa na maji mpaka kitandani. Niliwaambia tangu walipohamia kwamba mwenye nyumba ile ameijenga mahali ambapo hata chura angeomba muda wa kufikiri. Hawakunisikiliza. Sasa wananisikiliza, kwa kuwa wako sebuleni kwangu.

Nimewapa chumba cha nyuma. Binti yangu amenikumbatia. Mkwe amesema, "Ahsante, Mama," halafu amesimama huku suruali yake ikichuruzika maji juu ya zulia, akitazama kile kiboksi cha mtandao kilicho pembeni mwa kabati.

"Mama, hiki bado kina neno la siri kilichotoka nalo dukani?"

Watu wengine wakikaribishwa nyumbani kwa mama mkwe huuliza anaendeleaje na magoti.

5 Machi

Mvua. Mkwe hula kimya kimya, kama mtu anayehesabu tembe za dawa. Ni fundi wa kompyuta za hospitali. Huko nako nadhani wagonjwa hupona ili wasimwone tena.

8 Machi

Leo yametokea mambo. Nayaandika yalivyokuwa, kabla Mkwe hajayasimulia kwa namna yake.

Asubuhi, walipokwisha kwenda kazini, nilikuwa nasoma habari kwenye kompyuta. Ghafla skrini yote ikawa nyekundu, king'ora kikalia, na maandishi makubwa yakaniambia kwamba mashine yangu imeingiliwa, nisiizime, nipige simu haraka. Nikapiga. Akapokea kijana mwenye sauti ya upole. Alinisalimia ipasavyo, akanipa pole, akauliza kama nipo peke yangu nyumbani ili asinisumbue mbele ya watu. Akanielekeza nibonyeze hapa, kisha pale, na baada ya kitambo kile kishale cha kwenye skrini kikaanza kutembea chenyewe. Akaomba neno la siri la barua pepe. Nikampa. Mtu niliyeongoza shule ya wasichana maisha yangu yote ya kazi namjua kijana aliyelelewa vizuri kwa kumsikia tu.

Mkwe alirudi kufuata mwavuli aliousahau. Alitazama skrini, akavuka sebule kwa hatua ndefu na viatu vyake vyenye matope, akang'oa waya ukutani.

"Mama, huyo ni mwizi."

"Mwizi gani anatoa pole?"

"Ndio hao hasa wanaotoa pole. Ulimpa neno la siri?"

"Aliomba kwa adabu."

Mkwe alifumba macho kidogo. Hakusema kitu, na huko kutosema kitu ndiko kulikoniudhi. Kama angefoka ningejua pa kumshika. Alipiga simu kazini kuomba ruhusa, akakaa kwenye kiti changu mpaka alasiri, akabadilisha maneno ya siri yote, akaweka kando picha na maandishi yangu, akafuta kila kitu kingine. Nilimpelekea chai. Hakuinua kichwa.

Nilikaa na blanketi mabegani mpaka usiku. Ni baridi.

12 Machi

Kompyuta imerudi mezani pangu. Imerudi ikiwa ya mtu mwingine.

"Mama, sasa ina milango miwili," alisema Mkwe. "Mmoja wa msimamizi, mmoja wako."

"Na msimamizi ni nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo katika kompyuta niliyonunua kwa kiinua mgongo changu mwenyewe, mimi ni mpangaji."

Alifikiri. Mkwe hufikiria kila anachoambiwa, hata dhihaka. "Mpangaji, ndiyo. Lakini kodi hulipi."

Sikujua kama huo ulikuwa utani. Binti yangu alicheka kule jikoni, kwa hiyo huenda ulikuwa.

Nikamuuliza kuna tofauti gani kati ya mlango wake na wangu. Akaanza kueleza kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chumvi. Kwenye mlango wangu naweza kusoma, kuandika na kutuma barua. Siwezi kuweka programu yoyote mpya. Matangazo yamezuiwa. Kurasa zinazoshukiwa zimefungwa. Kila Jumapili nakala ya maandishi yangu inakwenda yenyewe kwenye kidude cheusi alichokibandika nyuma ya meza. Alipofika hapo niliacha kumsikiliza, nikawa natazama ukosi wa shati lake, uliogeuka nusu. Mtu anayeshindwa kulaza ukosi anataka kuniwekea mipaka.

15 Machi

Karata zimetoweka. Nilikuwa nacheza karata kila baada ya chakula cha mchana, mtu na mashine, bila kumdhuru yeyote. Nimejaribu kuzirudisha. Maandishi yametokea: "Huna ruhusa. Wasiliana na msimamizi wako."

Wasimamizi wangu wote nimekwisha kuwazika.

16 Machi

Nimewasiliana na msimamizi wangu wakati wa chakula. Amesema zile karata zangu zilikuwa zimebeba uchafu, atanitafutia nyingine safi. Sikujua kwamba karata nazo hufuliwa.

17 Machi

Mvua. Hakuna karata.

20 Machi

Mwanangu amepiga simu. Huyu ni kifungua mimba wangu, anaishi mji mwingine, anashughulika na majengo: ananunulia watu, anauzia watu, anajua kila mtu. Alipokuwa mdogo alikuwa akinisomea gazeti kwa sauti ya mtangazaji mpaka wageni wanasahau vikombe mkononi. Nilimsimulia habari ya milango miwili. Alicheka hadi akakohoa.

"Mama, wewe uliyetia kiwewe walimu wazima, leo unaomba ruhusa ya kucheza karata?"

"Shemeji yako ndiye kaamua."

"Shemeji ni mtu mzuri, ila amezoea kompyuta za hospitali. Anadhani kila mtu ni mgonjwa."

Nimecheka mpaka machozi. Ni kweli kabisa. Hakuna aliyewahi kulisema vizuri zaidi. Kabla ya kuaga aliuliza paa linavujaje, magoti yanaumaje, na kama sioni nyumba imenizidi ukubwa. Huyo ndiye mtoto.

23 Machi

Nimejaribu kufungua mlango wa msimamizi. Nilijaribu jina la binti yangu, kisha jina lake mwenyewe, kisha jina la hospitali, kisha neno "usalama", kwa sababu ana akili za namna hiyo. Mashine ilikataa, halafu ikanuna kabisa, haikutaka hata kuulizwa.

Jioni Mkwe amesimama mlangoni pa sebule.

"Mama, kuna mtu amejaribu neno la siri mara nyingi leo."

"Labda paka."

"Hatuna paka, Mama."

"Basi ndiyo sababu hakufaulu."

Amekwenda zake. Nimemsikia akimwambia mkewe kitu kwa sauti ya chini, na mkewe akicheka tena. Nyumba yangu sasa ina kicheko nisichoalikwa.

27 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Radio inasema itapungua. Mtabiri wa radio na Mkwe wanafaa kuwa ndugu: wote wanajua kila kitu isipokuwa kinachotokea.

2 Aprili

Leo nimegundua kwamba barua za wanafunzi wangu wa zamani zilikuwa zikitupwa. Kichujio alichokiweka Mkwe kimeziona kama uchafu, pengine kwa sababu zinaanza na "Mpendwa Mama yetu", na hayo ndiyo maneno wanayopenda matapeli. Mmoja aliniandikia wiki iliyopita kunialika kwenye sherehe ya kupewa udaktari wa falsafa. Alinitaka niketi mbele. Sherehe imeshapita. Kiti kilibaki kitupu, na yule mtoto, niliyemfundisha mimi kushika kalamu ya hoja, anadhani nimempuuza.

Nilingoja mpaka wote wawili waketi mezani. Kisha nikasema yote. Nilisema kuna watu wanaopewa ufunguo mdogo wakadhani wamepewa ufalme. Nilisema kwetu hatukuzoea kuishi chini ya askari jela, tena askari jela aliyekuja na godoro lililolowa. Nilisema mtu asiyeweza kumtafutia mkewe nyumba kavu asimfundishe mama yake mkwe usalama.

Binti yangu aliweka kijiko chini. "Mama, usimseme mume wangu hivyo nikiwa nimekaa hapa."

"Hapa ni kwangu."

"Tunajua ni kwako. Tunajua kila siku."

Mkwe alimshika mkewe mkono, akaniangalia. Nilidhani sasa atafoka, nikakaa mkao wa kumjibu.

"Kuhusu barua, nimekosa," alisema. "Nilifunga bila kuangalia nafungia nini nje. Na kompyuta ni yako, Mama. Sikupaswa kuishika kama yangu." Akachukua kalamu, akaandika neno la siri pembeni mwa gazeti, akanisogezea. "Hilo la msimamizi. Sitaigusa tena mpaka uniite. Naomba jambo moja tu. Mashine ikikuuliza kama unaruhusu kitu, kwanza jiulize nani anaomba."

Nimeshinda. Nilikula chakula chote kilichobaki, ingawa sikuwa na njaa.

3 Aprili

Nimemwandikia yule mwanafunzi kumwomba radhi. Karata zimerudi.

6 Aprili

Mwanangu amefurahi kusikia nimepata uhuru. Ameniambia kuna programu moja ndogo ambayo nikiiweka ataweza kunisaidia kutoka hukohuko aliko, bila kumsumbua shemeji yake. Mashine iliuliza kama naruhusu. Nikajiuliza nani anaomba: mwanangu. Nikaruhusu.

Kishale kikatembea. Sasa sikuogopa hata kidogo. Nilikaa na kikombe changu nikitazama mkono wa mwanangu ukipita huku na huku juu ya skrini, ukipanga picha za baba yake, ukikuza herufi ili macho yasiniume. Tulizungumza kwa simu muda wote huo. Katika siku moja amefanya kwa upendo kile ambacho Mkwe alifanya kwa ubabe.

Sikumwambia binti yangu. Kila kitu lazima wakijue?

11 Aprili

Mvua. Bati la jikoni linavuja. Mkwe alipanda juu na ndoo ya lami, akashuka mweusi mpaka masikioni. Bado linavuja, ila mahali pengine.

18 Aprili

Mwanangu huingia karibu kila mchana sasa. Hunitumia ujumbe: "Mama, kalale, mimi nafagia kidogo." Nami nakwenda kujinyoosha. Nikiamka mashine inameremeta.

Mkwe ameshika ahadi yake. Hupita karibu na meza yangu kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani. Naona inamuuma, nami sioni ubaya wa kumwacha aumie.

29 Aprili

Nitaandika polepole, maana leo mkono una hasira.

Mchana, katikati ya mvua kubwa, ilisikika hodi. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Ni mpima ardhi mstaafu, mtu mpole asiyependa kutoka hata jua likiwaka. Alikuwa na mabuti ya mpira, na koti lililomlowea mabegani. Nilimpa taulo. Hakujifuta. Alilishika tu.

"Shemeji," alisema, "ungeniambia kwa mdomo."

"Kukuambia nini?"

"Nyumba hii kaka aliijenga na mimi. Tulibeba mawe pamoja. Hati ina jina lako na langu. Kama umechoka, sawa, mtu huchoka. Lakini kuniandikia barua ya mistari minne, kama unaagiza saruji?"

Nilidhani uzee umempanda kichwani. Ndipo akatoa simu yake, akavaa miwani, akanisomea. Barua ilikuwa imetoka kwangu, kwa anwani yangu, chini yake jina langu. Humo eti nilimwambia nimeamua nyumba iuzwe, kwamba imenichosha na mvua zinaniumiza magoti, kwamba nitahamia kwenye makao ya wazee yenye bustani, na kwamba mnunuzi yupo tayari, asaini tu karatasi atakazoletewa na asinipigie simu kwa kuwa jambo lenyewe linaniliza.

Na wakati huohuo Mkwe, aliyekuwa na zamu ya asubuhi, aliingia akikunja mwavuli wake.

Nani anajua maneno yangu ya siri yote? Nani aliyabadilisha kwa mkono wake? Nani hana nyumba? Sikuhitaji zaidi ya hapo.

"Huyu hapa," nilimwambia shemeji. "Huyu ndiye mwandishi wako. Nimemlaza kwangu, nimemlisha, naye amekaa akipima nyumba yangu kwa macho. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hana mbele wala nyuma."

Binti yangu alitoka chumbani. Alikuwa amesikia. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Alikwenda kusimama karibu na mumewe, bega kwa bega, wote wawili wakinitazama kama wanafunzi wanaongoja adhabu wanayojua kwamba si yao.

Mkwe aliweka mwavuli chini. Uso ulikuwa umemshuka, lakini sauti yake haikubadilika.

"Mama, unaniruhusu niguse kompyuta?"

"Iguse. Si umeizoea?"

Akaketi. Hakutafuta muda mrefu. "Hii barua ilitumwa jana baada ya saa saba mchana, kisha ikafutwa ili usiione. Jana saa hizo nilikuwa wodini, kuna watu wengi waliniona. Na hii programu," alisema akinyooshea kidole, "sikuiweka mimi. Inampa mtu wa mbali mashine yako. Huandika jina la kila kompyuta iliyoingia." Akasogeza kiti pembeni ili nione. Hakulitaja jina yeye. Aliniachia nilisome.

Lilikuwa jina la mwanangu.

Nilisema mashine zinaweza kudanganya. Nilisema Mkwe angeweza kuandika jina lolote humo. Kisha nikaomba ile simu, nikavaa miwani yangu, nikaisoma barua mwenyewe badala ya kusomewa.

"Shemeji, nime amua," iliandikwa. "Nyumba ime nichosha. Mvua hizi zina niumiza magoti."

Mwanangu hukata vitenzi hivyo tangu darasa la pili. Nilimrekebisha kwa kalamu nyekundu utoto wake wote, nikamwandikisha mistari, nikamnyima mpira, naye akaendelea kuandika "nime kula" na "ame kwenda" mpaka nikachoka nikasema ni mapambo yake. Mkwe, mwenye kauli kavu kama gome, hajawahi kuniachia hata kikaratasi chenye kitenzi kilichokatwa.

Nilirudisha simu kwa mwenyewe. Nikamwambia kwamba barua si yangu, kwamba nyumba haiuzwi, na kwamba sasa ajifute kabla hajaugua.

30 Aprili

Nimempigia mwanangu asubuhi. Nilitaka akane. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akikana, hata nilikuwa nimemtafutia visingizio kadhaa usiku kucha, vingine vizuri sana.

Hakukana.

"Mama, ningekuuliza ungekataa."

"Basi ulikuwa unajua jibu."

"Nilikuwa nafikiria faida yako. Paa linavuja. Watu wanaosubiri kiwanja wataweka ghorofa, utapewa chumba chako mahali pazuri, kuna wauguzi. Wewe unafikiria kwa moyo. Lazima mmoja wetu afikirie kwa kichwa."

"Na baba yako mdogo, naye ulimwambia asinipigie simu kwa kuwa nalia."

"Ilikuwa lugha tu, Mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha lugha. Kitenzi huandikwa neno moja."

Akacheka kicheko chake kile, kizuri, cha mtangazaji, akingoja nicheke naye. Kwa mara ya kwanza nilikisikia jinsi kilivyo: ni mlango anaoufungua ili mtu mwingine atoke, yeye abaki na chumba. Nikakumbuka yule kijana mwenye sauti ya upole, aliyenipa pole. Sikuona tofauti ya maana, ila kwamba yule alihitaji kunitisha kwanza.

Nilikata simu.

1 Mei

Mvua. Binti yangu hasemi nami ila "chakula tayari".

2 Mei

Leo nimemwita Mkwe sebuleni, na mkewe pia, na nimemwambia mbele ya mkewe kwamba niliyoyasema juzi yalikuwa ya uongo na ya kipumbavu, na kwamba naomba radhi. Nililisema nikiwa nimesimama, kama nilivyowataka walimu wangu waseme makosa yao. Lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani nilipokuwa nawatesa wale walimu.

"Yamekwisha, Mama," alisema.

"Hayajakwisha. Mashine bado ina mgeni."

Akataka kuketi kwenye kiti changu. Nikakaa mimi.

"Leo unaniambia, nami nafanya," nilisema. "Na ueleze kama mtu anayezungumza na watu. Ukieleza kama mfamasia, nakusimamisha."

Tulikaa mpaka giza likaanza kuingia. Nimemsimamisha mara nyingi. Ni mwalimu mbaya kupindukia: huanzia mwisho, hurukia katikati, na neno "yaani" analitumia kama wengine wanavyotumia nukta. Lakini nilipouliza kwa nini, hakuniambia hata mara moja kwamba nisijali. Alijibu kila kwa nini. Nimeiondoa ile programu kwa mkono wangu. Nimeona jinsi milango miwili inavyofanya kazi, na kwa nini hata yeye kwake hutumia mlango wa mpangaji kwa kazi za kila siku.

"Hata wewe?"

"Hasa mimi. Nikiwa nimechoka nabonyeza chochote."

Angenieleza hivyo mwezi wa tatu tungeokoa kelele nyingi. Nilimwambia. Akakubali kwamba alifunga kompyuta akasahau kwamba kuna mtu ndani.

Mwisho tulifika kwenye neno la siri jipya la msimamizi. Alisimama, akageukia dirisha na kuitazama mvua mpaka nilipomaliza kuandika.

"Sasa mimi mwenyewe siwezi kuingia," alisema.

"Ndiyo. Wasiliana na msimamizi wako."

Huo alielewa kuwa ni utani. Alicheka. Ana kicheko kibaya, cha puani.

9 Mei

Radio inasema mvua itaongezeka. Imepungua.

14 Mei

Shemeji amekuja na bati jipya na mtu wa kulipigilia. Jikoni hakuvuji. Mkwe alishika ngazi muda wote huku akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

21 Mei

Jua. Mwenye nyumba ya bondeni amepiga simu kusema kuta zimekauka. Binti yangu ameanza kukunja nguo.

Nilimwambia Mkwe kwamba chumba cha nyuma kisipolalwa na watu huota ukungu.

Alifikiri. "Tunaweza kubaki mpaka kikauke vizuri, Mama."

"Hukauka taratibu sana," nilimwambia.

2 Juni

Mwanangu amekuja, bila kuniambia. Gari zuri, shati lililonyooka, ukosi umelala kama umechorwa. Amenisalimia, ameinama, amenishika mikono yote miwili. Bado ni mzuri. Hilo sikatai.

Alianza kuelekea jikoni kama zamani, afunue masufuria. Nikamwambia aketi sebuleni. Nikafungua kabati la vioo nikatoa vikombe vyenye kingo za dhahabu, sinia, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, nikamwandalia. Nilimmiminia. Nikamuuliza safari ilikuwaje, na kama barabara zimekauka. Alijibu. Nikamuuliza kama kazi inakwenda vizuri. Alijibu. Macho yake yalikuwa yakitoka kwenye kikombe kwenda kwenye kitambaa, yakirudi, mpaka akaelewa.

"Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilikwaruza. "Mimi si mgeni."

"Kunywa chai. Itapoa."

Mkwe aliingia kutoka kazini. Alitusalimia sote, akapita moja kwa moja jikoni, tukamsikia akifunua masufuria, akichukua kikombe chake cha bati, akijimiminia, akikoroga kwa kelele kama anayetengeneza lami. Kisha akaja akaketi nasi, akanywa kwa mvumo mrefu wa kuchukiza.

Wala sikumkemea.